Simu Inaponyamaza Nyumbani

Katika nyumba nyingi za askari mna saa moja ya juma ambayo haikuandikwa katika ratiba yoyote, lakini kila aliyemo nyumbani huijua. Ni saa ambayo baba, au mama aliye kazini mbali, hupiga simu. Watoto huacha michezo yao, chungu huteremshwa, redio hupunguzwa sauti, na anayengoja huketi mahali ambapo mtandao hushika vizuri. Saa hiyo ikipita na simu isilie, aghalabu hakuna anayesema neno. Kila mmoja hukitazama tu kile chombo kidogo kilicholazwa juu ya meza.

Hofu ya kukosa simu imeenea mijini na vijijini, kwa wenye mali na kwa wasio nayo. Lakini kwa jamaa za askari jeshi na polisi hofu hiyo ina uzito wake wa pekee, na kwa hiyo yafaa iangaliwe kwa utulivu, isichekwe wala isikuzwe kupita kiasi.

Na ichukuliwe mfano wa nyumba moja katika kambi moja ya Uganda. Baba wa nyumba hiyo ni sajini aliyepelekwa kazini Somalia. Mama amejaliwa mapacha, na kwa desturi ya nchi majirani wote humwita Nalongo. Siku ya Alhamisi alikwenda sokoni, akarudi kwa bodaboda akiwa amepakata mfuko wa maharage na kifungu cha matoke. Alipofika langoni mwa kambi akatia mkono mfukoni, na simu haimo. Akageuka kumwita mwenye pikipiki, naye ameshapotelea barabarani. Jirani yake aliipiga namba ile mara tatu. Mara ya kwanza iliita, mara ya pili ikakatwa, mara ya tatu ikawa imezimwa.

Usiku ule Nalongo hakulala. Mumewe alikuwa na kawaida ya kupiga simu Jumapili saa mbili za usiku, na namba yake ya huko, ambayo ni ya nchi ya kigeni, Nalongo hakuijua kwa kichwa. Ndani ya simu iliandikwa jina tu, wala yeye hakupata kuona sababu ya kuikariri. Karo ya mapacha nayo ilikuwa imo katika akaunti ya simu, na mwalimu mkuu alikuwa ameshatangaza kwamba siku ya mwisho ni Jumatatu. Na lililobaki hakulisema kwa mtu. Aliogopa kwamba kama kuna jambo limetokea huko aliko mumewe, basi kambi nzima italipata kabla yake yeye.

Ijumaa asubuhi alikwenda mjini katika ofisi ya kampuni ya simu kuomba kadi mpya yenye namba ileile. Karani alikipokea kitambulisho chake cha taifa, akatazama kompyuta, kisha akakirudisha.

"Laini hii, mama, imeandikishwa kwa jina la mwanamume."

"Ni mume wangu."

"Basi itabidi yeye mwenyewe aje."

"Yuko Somalia."

Karani hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba kanuni hiyo imewekwa ili wezi wasije wakachukua namba za watu pamoja na fedha zao. Nalongo alielewa, akashukuru, akarudi kambini kwa miguu.

Hofu iliyokuwa na saa yake

Nyumba ya tatu kutoka kwake anakaa bibi mmoja mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa askari wa zamani, na ambaye kambi nzima humwita Jaja. Alasiri ile alimkuta Nalongo ameketi mbele ya sigiri isiyo na moto.

"Nalongo, watoto watakula nini?"

"Jaja, nimepoteza simu."

"Nimesikia. Lakini uso wako ni wa mtu aliyefiwa, ndiyo maana nauliza. Umepoteza simu au umempoteza mume?"

"Jaja, usinitajie hayo."

"Nayataja kwa sababu ndiyo unayoyafikiri."

Kisha Jaja akavuta kigoda, akatia mkaa, na huku akipuliza moto akaeleza jinsi walivyongoja wao. Katika miaka ya 1980 mumewe alikuwa kaskazini mwa nchi. Barua ilifika mara moja katika miezi miwili, na tena haikuja kwa Posta bali kwa mkono wa askari anayekuja likizo. Jioni wanawake walikusanyika penye redio kusikiliza Radio Uganda ikisoma matangazo ya vifo.

"Matangazo yakiisha na jina lako halikutajwa, uliinuka ukaenda kupika."

"Basi nyinyi mlikuwa na moyo wa jiwe, Jaja."

"Hapana, mwanangu. Tuliogopa sana. Ila hofu yetu ilikuwa na saa yake. Yenu imekuwa ya saa zote."

Maneno ya bibi huyo yanastahili kupimwa, kwa maana yamegusa kiini cha jambo lenyewe. Hakudai kwamba zamani kulikuwa na raha, wala hakusema kwamba watu wa leo ni dhaifu. Alichoonyesha ni kwamba ahadi ya kupata habari wakati wowote imezaa pia mashaka ya wakati wowote. Mtu aliyetegemea barua baada ya miezi miwili hakuwa na sababu ya kutaharuki siku ya tatu. Mtu anayetegemea jibu katika dakika mbili hutaharuki ifikapo dakika ya tano.

Jinsi simu ilivyobeba nyumba nzima

Tarehe 3 Aprili mwaka 1973, katika mji wa New York nchini Marekani, Martin Cooper, mhandisi wa kampuni ya Motorola, alipiga simu ya kwanza kwa chombo cha kushikwa mkononi. Chombo hicho kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja. Uganda ilipata simu za namna hiyo mwaka 1995, kampuni ya Celtel ilipoanza kazi, na mwaka 1998 ikaingia kampuni ya MTN. Hapo mwanzo simu ya mkononi ilikuwa kitu cha wafanyabiashara na wakubwa wa ofisi. Haikuchukua miaka mingi, ikawa mikononi mwa muuza nyanya na kuruta.

Wakati huo simu ilikuwa chombo cha kusemea tu. Mtu akiipoteza alipoteza sauti. Mwezi Machi mwaka 2009 MTN ilianzisha Uganda huduma ya kutuma na kuweka fedha kwa simu, na kampuni nyingine zikafuata. Tangu hapo simu ikawa mkoba. Tena ikawa tochi, saa, redio, kalenda, albamu ya picha za watoto, daftari la anwani, kwa wengine hata msahafu au Biblia. Ndiyo sababu anayepoteza simu leo hulia kwa kilio ambacho babu yake asingekielewa. Amepoteza vitu kumi kwa mpigo mmoja.

Wananchi wa Uganda wamepata pia kuonja hali hiyo wote kwa pamoja. Siku ya uchaguzi mwezi Februari mwaka 2016, mitandao ya kijamii na huduma ya fedha za simu zilisimamishwa kwa muda. Mwezi Januari mwaka 2021, wakati wa uchaguzi vilevile, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kama tano. Katika siku za namna hiyo, mwenye shilingi chache ndani ya kopo alinunua chumvi na sabuni kama kawaida, na ambaye kila senti yake ilikuwa ndani ya simu alibaki kuitazama. Akiba haiozi, lakini ni vema pia iwe mahali ambapo mkono unaweza kuifikia.

Hofu iliyopewa jina

Wataalamu wa nchi za nje wameipa hofu hii jina la nomofobia, yaani hofu ya kuwa bila simu ya mkononi. Jina hilo lilizuka Uingereza mwaka 2008, baada ya uchunguzi uliofanywa na shirika la YouGov kwa niaba ya Posta ya nchi hiyo. Iliripotiwa kwamba kati ya watumiaji wa simu, 53 katika kila mia walikiri kupata wasiwasi simu ikipotea, ikiishiwa chaji au salio, au ikikosa mtandao. Wanaume waliokiri walikuwa wengi kuliko wanawake. Mwaka 2018 neno hilo lilichaguliwa kwa kura za wasomaji wa kamusi ya Cambridge kuwa neno lao la mwaka. Hata hivyo, nomofobia haimo katika orodha rasmi za magonjwa zinazotumiwa na waganga. Kwa hiyo mtu asimwite jirani yake mgonjwa kwa sababu tu anaishika simu yake mara kwa mara.

Mwaka 2015 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, Caglar Yildirim na Ana-Paula Correia, walitunga maswali 20 ya kuipima hofu hiyo. Waliona ina mizizi minne. Wa kwanza ni kushindwa kuwasiliana na watu. Wa pili ni kuona kwamba mtu amekatika na wenzake. Wa tatu ni kukosa habari. Wa nne ni kupoteza wepesi wa mambo ambao simu huuleta. Msomaji akimrudia Nalongo ataona kwamba mizizi yote minne ilikuwa imo nyumbani mwake, ila haikuwa sawa kwa urefu. Wepesi wa mambo haukumsumbua hata kidogo, kwani maji aliyateka, nguo alizifua, na sigiri haiwashwi kwa simu. Kilichomnyima usingizi ni mume na karo.

Hapo ndipo penye tofauti ya kutambuliwa. Mtu anayehangaika kwa sababu hajaona picha mpya za watu asiowajua ana mazoea yanayoweza kupunguzwa. Mke anayehangaika kwa sababu hajasikia sauti ya mume aliye vitani ana sababu. Askari wa Uganda wamehudumu Somalia chini ya Umoja wa Afrika tangu mwezi Machi mwaka 2007. Tarehe 26 Mei mwaka 2023 kituo chao cha Bulo Marer kilishambuliwa alfajiri, na baadaye Rais Yoweri Museveni alitangaza kwamba askari 54 walipoteza maisha. Nchi iliyopitia siku kama hiyo haiwezi kumwambia mke wa askari kwamba hofu yake ni upuuzi. Inachoweza kufanya ni kumsaidia aibebe bila kuangushwa nayo.

Utafiti mwingine wa mwaka 2015, uliofanywa na watu wa Chuo Kikuu cha Missouri, unatoa somo dogo lenye faida. Watu 40 walipewa mafumbo ya maneno wayatatue, mara moja wakiwa na simu zao karibu, mara nyingine zikiwa zimesogezwa mbali kidogo. Kisha simu zile zikapigwa, zikalia, na wenyewe hawakuruhusiwa kuzijibu. Mapigo ya moyo yalipanda, shinikizo la damu likapanda, wasiwasi ukaongezeka, na mafumbo waliyoweza kuyatatua yakapungua. Watu 40 ni wachache, na haifai kujenga sheria kubwa juu yao. Lakini kila mzazi anayejaribu kula chakula cha jioni huku simu ikilia chumbani ataitambua hali hiyo. Simu inayolia bila kujibiwa husumbua. Iliyozimwa kwa hiari ya mwenyewe haisumbui.

Kwa sababu hiyohiyo watu wawili wanaweza kukosa simu siku moja, mmoja akatulia na mwingine akahangaika. Mwanamke anayeiacha simu ndani ya kabati akaenda shambani kupalilia karanga hurudi jioni na moyo mwepesi. Mwanamke huyohuyo akiporwa simu hiyohiyo njiani hurudi akitetemeka. Saa alizokaa bila simu ni zilezile. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza aliwaaga watu na mambo yake yakiwa yamepangwa, na mara ya pili hakuaga wala hakupanga.

Simu na siri ya kazi

Jamaa za askari hawana budi kuelewa pia kwamba kuna wakati simu hunyamaza kwa sababu inatakiwa inyamaze. Mwezi Januari mwaka 2018 iligunduliwa kwamba ramani ya programu ya Strava, ambayo wakimbiaji huitumia kupima mazoezi yao, ilikuwa imeanika njia za kambi za kijeshi katika nchi kama Syria na Afghanistan. Hakuna jasusi aliyehitajika. Askari wenyewe walikuwa wakikimbia asubuhi na vyombo vyao vikichora duara la kambi. Mwezi Januari mwaka 2020 askari wa divisheni ya 82 ya Marekani walipoamriwa kwenda Mashariki ya Kati, waliambiwa waache simu zao nyumbani.

Mfano mzito zaidi ni wa Makiivka, katika jimbo la Donetsk. Mara baada ya mwaka 2023 kuingia, makombora ya Ukraine yalipiga jengo la chuo lililokuwa limejaa askari wa Urusi waliokuwa wameitwa jeshini karibuni. Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilisema waliokufa ni 89, na kwamba sababu kubwa ilikuwa askari kuwasha simu zao kinyume cha amri. Wapo waliopinga, hata miongoni mwa Warusi wenyewe, wakasema kosa kubwa zaidi lilikuwa la wakuu waliowarundika watu wengi mahali pamoja. Hata iwe vipi, usiku ule ulikuwa wa mwaka mpya, na si vigumu kufahamu ni akina nani ambao askari angetaka kuwapigia usiku kama huo. Aliyepokea salamu nyumbani angefurahi, bila kujua gharama yake.

Basi mke asipopata simu kwa siku mbili au tatu asiwe mwepesi wa kumshutumu mumewe kwa uzembe, wala kwa mambo mengine mabaya ambayo usiku humletea mtu. Huenda kimya hicho ndicho kinachomlinda. Naye askari asimdanganye mkewe kwamba atapiga kila siku, kwa maana ahadi isiyowezekana huzaa hofu isiyo na lazima.

Mambo ya kuandaa mapema

Kwanza, kila nyumba iwe na daftari la namba, limeandikwa kwa kalamu ya wino, na liwekwe mahali pamoja pasipobadilika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na namba za jamaa ni mali. Ziandikwe namba ya mume au mke aliye mbali, ya ndugu wawili, ya jirani, ya shule, ya zahanati, na ya ofisi ya zamu ya kikosi. Watoto waliofikia umri wa kwenda shule wakariri walau namba moja.

Pili, anayeondoka kwenda kazini aondoke na namba za majirani, si ya mke wake peke yake. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu aliye Gulu au Mbarara hawezi kugonga mlango wa nyumba iliyo Bombo saa tatu za usiku, lakini jirani wa ukuta mmoja anaweza.

Tatu, kila mtu mzima awe na laini iliyoandikishwa kwa jina lake mwenyewe na kwa kitambulisho chake mwenyewe. Wanaume wengi huwanunulia wake zao laini kwa majina yao, wakidhani wanawatendea wema. Siku simu inapopotea wema huo hugeuka kuwa mlango uliofungwa, na ufunguo uko ng'ambo ya mpaka.

Nne, ifahamike kwamba fedha za simu hazimo ndani ya chombo. Zimo katika hesabu ya kampuni chini ya namba ya mteja, na mwizi haziwezi bila namba ya siri. Kwa hiyo simu ikiibwa jambo la kwanza ni kuomba laini ifungwe, kisha kutoa taarifa polisi, kisha kutafuta kadi mpya. Namba ya siri isiandikwe nyuma ya simu wala isiwe mwaka wa kuzaliwa mtoto. Na fedha kidogo za sabuni, dawa na nauli zikae nyumbani.

Tano, mume na mke wakubaliane juu ya kimya. Waseme wazi: tukikosa kuzungumza siku kadhaa, hiyo ni kawaida, siku fulani zikipita, utauliza kwa fulani, na habari yoyote mbaya usiiamini mpaka itoke kwa wakuu wa kikosi. Hilo la mwisho lina maana kubwa. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, lakini katika siku hizi yapo yasemwayo ambayo hayapo wala hayaji, ila yametungwa na mtu asiye na kazi na kutumwa kwa watu mia kabla ya jogoo kuwika. Mjane wa uvumi hulia machozi ya kweli.

Sita, nyumba iwe na saa ambayo simu zote hupumzika, wakati wa kula au watoto wanaposoma. Mtoto aliyemwona mama yake akizima simu kwa hiari na asihangaike, naye atajifunza kwamba chombo hicho ni mtumishi wa nyumba.

Jumapili saa mbili

Jaja hakumwachia Nalongo maneno matupu. Alimwambia, "Kesho asubuhi nenda kwa mwalimu mkuu umweleze kwa kinywa chako. Miguu haikuibwa." Jumamosi Nalongo akaenda. Mwalimu mkuu alimsikiliza, akafungua kitabu chake, akaandika kwamba mapacha wamepewa juma moja. Jambo lililomkosesha usingizi usiku mbili lilimalizika kwa robo saa, bila simu.

Jumapili ilipofika aliwaogesha watoto, akawalisha mapema, akaketi nje. Saa mbili ikapita. Saa mbili na robo mke wa koplo wa nyumba ya pili akatoka mbio bila viatu.

"Nalongo! Njoo upesi! Salongo yuko kwenye simu!"

Kumbe kabla ya kusafiri sajini alikuwa ameandika namba tatu za majirani ndani ya kijitabu chake cha mfukoni. Nalongo aliipokea simu kwa mikono miwili.

"Mama watoto, mko hai?"

"Tuko hai sote. Wewe je?"

"Jana nilipata nafasi nikapiga, imezimwa. Leo asubuhi, imezimwa. Sikulala. Nimefikiri nyumba imeungua, nimefikiri mtoto amelazwa. Wenzangu wameniuliza naumwa nini."

Nalongo alinyamaza kidogo. "Nilidhani mimi ndiye ninayekuogopea wewe," akasema.

"Mimi nina wenzangu hapa na tuna silaha," sajini akajibu. "Nyinyi mna nini?"

Akamweleza yote, ya bodaboda, ya karani, ya mwalimu mkuu. Sajini akasema kesho ataomba laini ile ifungwe, kwa kuwa ni ya jina lake, na karo ataituma kwa namba ya jirani. Kisha akawataka mapacha, nao wakasema wote wawili kwa mara moja, na salio likaisha.

Siku ya Jumanne Nalongo alirudi mjini na kitambulisho chake, akanunua laini kwa jina lake. Simu aliyoitia laini hiyo ni kuukuu, ya vitufe, haipigi picha, na chaji yake hukaa siku nne. Jioni akakata daftari la shule katikati, akalitoboa, akalifunga kwa uzi kwenye msumari ulio juu ya ndoo ya maji. Mapacha waligombania kalamu. Ukurasa wa kwanza una namba ya baba yao, imeandikwa mara mbili kwa mwandiko tofauti, na chini yake namba ya mke wa koplo. Jaja alipopita kuuliza kama moto umewaka, aliombwa naye aitaje yake. Akasema hana simu wala haitaki.

"Andikeni nyumba ya tatu," akasema, "mje mgonge."

Nao wakaandika hivyo.